Mshale wa joto wa BMW E46 haukuambii kila kitu

Wiki iliyopita nilifungua boneti ya BMW 330i ya mwaka 2003, moja ya zile za kizazi kinachoitwa E46, iliyotembea kilomita 268,000. Nikashika shingo ya plastiki ya rejeta, pale mpira wa juu unapoingilia. Sikuivuta. Niliikamata tu kwa vidole viwili, ikabaki mkononi. Plastiki iliyotoka kiwandani nyeusi ilikuwa imegeuka kahawia, na nilipoibana ikamomonyoka kama ganda la mkate uliokauka. Mwenye gari alikuwa amesimama pembeni yangu. Kesho yake alikuwa anasafiri na watoto kwenda Mbeya.

Nimemwambia aahirishe safari siku mbili, na sababu nilizompa ndizo ninazoziandika hapa. Wenye E46 wengi wanaokuja gereji wananiuliza habari za nguvu, za mlio wa ekzosi, za rimu. Maji wanayaulizia gari likishachemsha.

Injini ya gari hili inaitwa M54B30. Silinda sita kwa mstari, sisi 2,979, nguvu za farasi 231. Naipenda kuliko injini nyingi zilizokuja baada yake. Ukiibadilishia oili kwa wakati, crankshafti na pistoni zake zinakwenda kilomita laki tatu na zaidi bila malalamiko. Kinachoiua ni joto, na joto linaingia kupitia plastiki.

BMW waliiwekea injini hii thamostati, yaani valvu inayoruhusu maji kwenda kwenye rejeta yakishapata moto, ya kuanza kufungua kwenye nyuzi 97. Walitaka ifanye kazi ikiwa ya moto ili ile mafuta kidogo na itoe moshi msafi. Ndani ya thamostati kuna kikoili cha umeme, na kompyuta ya injini ikiona unakanyaga sana inakipasha ili ifungue mapema. Mfuniko wa tenki la maji umeandikwa 200, yaani unashikilia presha hadi bar 2. Sasa fikiria maji ya nyuzi 97 yenye presha, yakizunguka ndani ya tenki la plastiki, rejeta yenye pande za plastiki na nyumba ya thamostati ya plastiki, miaka ishirini na zaidi. Plastiki inayopashwa na kupozwa kila siku inakauka. Haitoi taarifa. Inapasuka siku moja, kwa kawaida siku umebeba mzigo na unapanda mlima.

Hapo ndipo mshale unapoponza watu. Mshale wa joto wa E46 haufuati joto hatua kwa hatua. Umepangwa ukae katikati kuanzia takriban nyuzi 75 hadi karibu 115, ili dereva asihangaike na kila badiliko dogo. Ukiuona umeanza kusogea kwenda kulia, huko ndani hali imeshakuwa mbaya. Na kuna jambo baya zaidi. Sensa inapima maji. Maji yakimwagika yote, sensa inabaki kwenye hewa na mvuke, na mshale unaweza kutulia au hata kushuka huku silinda hedi, kile kipande cha juu cha injini, inaungua.

Mteja wangu mmoja alilijua hilo akiwa Kitonga. Kama umepita barabara ya Iringa unaujua mlima ule: kona juu ya kona, malori ya mizigo yanapanda kwa gia ya kwanza, na wewe uko nyuma yao bila upepo wa kupoza rejeta. Alisikia kitu kimepasuka, akaona mvuke kidogo, akatazama dashibodi, mshale uko katikati. Akasema nifike juu kwanza nitafute pa kuegesha. Kilomita tatu tu. Gari lililetwa Dar juu ya gari la kubeba magari. Tulipofungua hedi na kuiwekea rula ya chuma, mwanga ulikuwa unapita chini yake katikati. Hedi yenyewe ingeweza kuchongwa, maana BMW wanatengeneza gasketi nene zaidi kwa milimita 0.3 kwa ajili ya hedi iliyochongwa. Lakini bloku ya M54 ni ya aluminiamu, na boliti za hedi zilitoka na nyuzi za bloku, ile mikato ya kushikilia boliti, zimejiviringisha kwenye boliti kama waya. Ilibidi kutoboa upya na kupachika nyuzi za chuma tundu kwa tundu. Kazi ile ilimgharimu zaidi ya thamani ya gari.

Kwa hiyo sibadilishi kipande kimoja kimoja tena. Gari likiwa na kilomita nyingi na hujui historia yake, nabadilisha vyote pamoja: rejeta, tenki la maji na mfuniko wake, thamostati, wota pampu, mpira wa juu na wa chini, mikanda na puli zake. Wateja wanaona nawaingiza gharama. Ukweli ni kwamba ukiweka tenki jipya, presha inarudi kamili, na inatafuta kipande kilicho dhaifu kuliko vyote. Mwezi ujao utarudi na rejeta. Agiza kwa tarakimu saba za mwisho za namba ya chasisi, usiagize kwa kukisia mwaka. Binafsi natafuta rejeta ya Behr, kwa sababu ndio waliokuwa wakiwatengenezea BMW wenyewe.

Wota pampu usiing'oe kwa kuipiga nyundo. Ina matundu mawili yenye nyuzi za M6. Ingiza boliti mbili, zizungushe kidogo kidogo kwa zamu, itajisukuma yenyewe nje bila kukwangua aluminiamu. Wakati wa kufunga, nati zake zinakazwa kwa Nm 10 tu, yaani nguvu ndogo sana. Nimekuta nyingi zimekatika kwa sababu fundi alitumia nguvu za mkono zilizozoea nati za lori.

"Fundi, unafunga thamostati ya nini wakati Dar kuna joto hivi?" Naulizwa hilo karibu kila wiki, na najua limetoka wapi. Kuna mafundi wanaoitoboa au kuitoa moyo wake wakiamini wanasaidia. Kwenye injini hii thamostati inafanya kazi mbili kwa pamoja: inafungua njia ya kwenda rejeta na inafunga njia fupi ya kurudi kwenye injini. Ukiitoa, maji mengi yanapita njia fupi na hayafiki kwenye rejeta. Kwenye foleni gari litachemsha vilevile, na asubuhi litakuwa linaendeshwa baridi, kompyuta inaongeza mafuta, na petroli inakwisha bila kujua inakokwenda.

Maji nayo. Visima vingi vya Dar vina chumvi, ukioga tu unaihisi kwenye ngozi. Yale usiyaweke kwenye injini ya aluminiamu hata kwa dharura ya kukufikisha nyumbani, na kama imebidi, yamwage na usuuze siku hiyohiyo. Weka kulanti, dawa ya kupozea injini, ya buluu ya BMW au inayolingana nayo, nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa, yale ya kujazia betri. Asidi siyo, naomba tuelewane.

Halafu kutoa hewa. Magari mengi yanachemsha siku ya pili baada ya matengenezo kwa sababu hewa ilibaki ndani. Gari likiwa baridi, washa swichi bila kuwasha injini, peleka joto la ndani hadi mwisho, feni ya ndani iwe ya chini kabisa. Hapo njia ya maji ya hita inafunguka. Legeza skrubu ya plastiki iliyo karibu na mfuniko wa tenki, jaza taratibu mpaka maji yatoke pale bila viputo, kisha funga kwa mkono mwepesi. Skrubu ile ni laini. Nunua mbili.

Mengine nitayapitia haraka. Harufu ya oili iliyoungua ndani ya gari ni gasketi ya kava la valvu, inadondoshea juu ya ekzosi. Gasketi ya nyumba ya filta ya oili inavuja juu ya altaneta, kwa hiyo kabla hujalaumu altaneta itazame ile kwanza. Injini ikinywa oili, acha iungurume bila kukanyaga mafuta, fungua mfuniko wa oili, weka mfuko mwepesi wa nailoni juu ya tundu: ukivutwa kidogo ni sawa, ukivutwa kwa nguvu basi valvu ya kupumulia injini imechanika ndani. Bushi za mikono ya mbele matuta yetu yanazimaliza mapema, hizo ni za kutarajia. Na gari likiwa juu ya jeki, mulika tochi sakafu ya nyuma, pale fremu ya difu inapofungwa kwenye bodi. E46 zinajulikana kwa kuchanika hapo, na mchaniko ukiwa mfupi kama ukucha unachomelewa kirahisi.

Kwa wote ninaowatengenezea sasa nawapa pia kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya dashibodi kinachosoma kwenye simu joto halisi kutoka kwenye kompyuta ya injini. Nyuzi 95 hadi 100 barabarani, sina wasiwasi. Ukiona 108 na inaendelea kupanda, zima AC, washa hita hadi mwisho na utafute pa kusimama. Ukisikia kitu kimepasuka, zima injini hapohapo, hata kama uko katikati ya kona na lori liko nyuma yako linapiga honi. Na mfuniko wa tenki la maji usiufungue mpaka injini ipoe.

Yule wa Mbeya aliondoka Alhamisi, saa kumi na moja alfajiri. Mchana akanitumia picha ya simu yake akiwa Ilula, ameshaimaliza Kitonga nyuma ya malori mawili, watoto wanakula mahindi ya kuchoma. Kwenye kioo imeandikwa 98.