Endotheli: utando wa ndani ya mishipa, na kwa nini aliyefanyiwa baipasi ya moyo anaambiwa atembee

Mzee akirudi Unguja au Pemba baada ya upasuaji wa moyo, nyumba nzima hukubaliana juu ya jambo moja: asisumbuliwe. Hutandikiwa kitanda, chai hupelekewa alipo, na akitaka kwenda msikitini huitiwa gari hata kama msikiti uko mtaa wa pili. Hayo ni mapenzi, na simlaumu mtu. Lakini ndani ya mishipa yake kuna utando unaoitwa endotheli, na utando huo haupati nafuu kwa kukaa kitako.

Endotheli ni safu ya seli iliyotanda upande wa ndani wa kila mshipa wa damu, kuanzia ule mkubwa unaotoka moyoni mpaka vimishipa visivyoonekana kwa macho. Unene wake ni seli moja tu. Zamani wataalamu walidhani kazi yake ni kuzuia damu isivuje, basi. Mwaka 1980 Mmarekani Robert Furchgott alieleza jambo alilolikuta kwenye vipande vya mshipa mkuu wa sungura. Alipovitia kemikali iitwayo asetilikolini, vile vilivyotayarishwa kwa uangalifu vililegea, na vile vilivyosuguliwa upande wa ndani vikajikaza. Dawa ni ile ile, mshipa ni ule ule. Kilichotoweka ni endotheli. Baadaye ikabainika kwamba utando huu hutengeneza gesi, oksidi ya nitriki, inayoifanya misuli ya mshipa ilegee na njia ya damu itanuke. Kwa ugunduzi wa kazi ya gesi hiyo mwilini, Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1998.

Gesi hiyo hudumu sekunde chache tu, kwa hiyo lazima itengenezwe muda wote. Mbali na kutanua mshipa, huzuia chembe za kugandisha damu zisinate ukutani. Sigara, sukari, presha na lehemu nyingi huidhoofisha endotheli. Gesi ikipungua, mshipa hujikaza pale unapotakiwa kufunguka, mafuta hupenya ukutani, na safari ya kuziba huwa imeanza.

Sasa tuje kwenye baipasi. Daktari huchukua kipande cha mshipa, mara nyingi ateri (mshipa unaotoa damu moyoni) ya ndani ya kifua na vena (mshipa unaorudisha damu moyoni) ya mguuni, akakiunga ili damu ipite pembeni ya mahali palipoziba, kama gari linalopitishwa njia ya mchepuko. Moyo hupata damu, maumivu hupungua, na wengi huongezewa umri. Ila ugonjwa uliofanya mshipa uzibe haujaondolewa. Endotheli ya mwili mzima ni ile ile iliyochoka, na mishipa mipya nayo ina mitihani yake. Vena ya mguuni ilizoea msukumo mdogo wa damu. Ghafla inapigwa na msukumo wa ateri, tena huku utando wake umejeruhiwa kwa kung'olewa na kushonwa. Ndiyo maana takriban nusu ya vena zilizopandikizwa huwa zimeziba ikipita miaka 10 hivi. Ateri ya kifuani, ambayo endotheli yake hutoa gesi kwa wingi, hubaki wazi kwa wagonjwa kama 9 katika 10 kwa muda huo huo.

Hapa ndipo mazoezi yanapoingia. Mtu akitembea, moyo husukuma damu kwa kasi zaidi, na damu inayopita huukwaruza utando wa ndani kidogo kidogo. Seli za endotheli huuhisi mkwaruzo huo, zikajibu kwa kutengeneza oksidi ya nitriki zaidi. Mkwaruzo ukirudiwa siku baada ya siku, zinajenga uwezo wa kudumu wa kuitengeneza. Mwaka 2000 watafiti wa Leipzig, Ujerumani, walichapisha matokeo ya wagonjwa wenye mishipa ya moyo iliyoharibika waliofanya mazoezi kwa wiki 4: kule kujikaza kusiko kwa kawaida kulipungua kwa zaidi ya nusu. Wiki 4 tu! Lakini faida hii haiwekwi akiba. Mtu akiacha, ndani ya wiki chache hurudi alikotoka.

Mazoezi yenyewe ni kwenda kwa miguu. Akiruhusiwa na daktari wake, mgonjwa aanze na dakika 5 hadi 10, mara kadhaa kwa siku, kwenye njia tambarare, aongeze taratibu mpaka afike dakika 30. Baada ya sala ya alfajiri ndiyo saa nzuri, hasa miezi ya kaskazi ambapo jua likishapanda halina huruma. Kipimo cha kasi ni mazungumzo: aweze kusema na mwenziwe bila kukatika pumzi. Asitegemee kuhesabu mapigo, kwani baadhi ya dawa anazomeza huyapunguza makusudi.

Kifua ni habari nyingine. Mfupa uliopasuliwa huhitaji wiki 8 hadi 12 kuunga. Katika muda huo hakuna kuteka maji kisimani, kupasua kuni, kupiga makasia wala kubeba mjukuu. Hata kuinuka kwenye sijda kwa kujisukuma na mikono huulemea mfupa huo. Dini imemruhusu mgonjwa kusali amekaa, na aichukue ruhusa hiyo.

Akihisi maumivu ya kifua, kizunguzungu au moyo kwenda mbio bila mpango, asimame hapo hapo. Yasipokwisha kwa kupumzika, apelekwe hospitali bila kungojea kukuche. Kifua kikigongagonga akijigeuza, au kidonda kikitoa maji, aonwe na daktari siku hiyo hiyo. Mguu uliotolewa vena kuvimba kidogo ni kawaida, na kutembea husaidia. Akikaa auinue juu ya mto.