TB ya tumbo: maana yake na jinsi inavyotambuliwa

Jina la Kiswahili la ugonjwa huu, kifua kikuu, limewapotosha wengi, kwa kuwa vimelea vyake havikai kifuani peke yake. TB ya tumbo ni kifua kikuu kinachoshambulia utumbo, hasa pale utumbo mwembamba unapoungana na utumbo mpana, au utando unaozunguka viungo vya tumbo, au tezi za limfu zilizo ndani ya tumbo, au ini na bandama. Vimelea hufika huko kwa njia ya damu, kwa makohozi yaliyomezwa au, kwa ile TB ya ng'ombe, kwa maziwa yasiyochemshwa.

Mgonjwa huweza kufika kliniki bila kikohozi chochote. Analalamikia homa za jioni, jasho la usiku, maumivu ya tumbo asiyoweza kuyaonyesha yanapoanzia, kuharisha au kufunga choo. Mashavu yamebonyea, lakini fundo la kanga halifungiki tena kiunoni kwa sababu tumbo limejaa maji. Katika nchi kama Tanzania na Kenya, ambako TB imeenea, na hasa kwa mtu anayeishi na VVU, dalili hizo zikikutana zinatosha kumfanya daktari ashuku, ingawa ugonjwa wa ini, kichocho na saratani ya ovari au ya tezi za limfu huweza kufanana nazo sana.

Ugumu uko kwenye kuthibitisha. Eksirei ya kifua mara nyingi huwa safi. Ultrasaundi huonyesha maji, tezi zilizovimba na madoa madogo meusi katika bandama, nami naona ndicho kipimo kinachostahili kutangulia. Maji hayo huvutwa kwa sindano: yakiwa ya manjano hafifu, yenye protini nyingi na chembechembe nyeupe ambazo nyingi ni limfosaiti (aina mojawapo ya chembe za kinga), na kimeng'enya kiitwacho ADA kikizidi takriban yuniti 39 kwa lita, shaka ya TB huimarika. Vimelea vyenyewe huonekana kwa nadra chini ya darubini, na hata mashine ya GeneXpert, inayotafuta vinasaba vya vimelea hivyo, huwakosa wagonjwa wengi wa aina hii, hivyo jibu la "hakuna vimelea" halifungi mjadala. Uthibitisho bora ni kinyama kinachokatwa kwa msaada wa kamera iliyoingizwa tumboni au kwenye utumbo mpana, ambacho maabara hukikuta kina vijivimbe vilivyooza katikati mfano wa jibini.

Pasipo na kamera, daktari anaweza kuanzisha dawa za miezi 6 kwa kutegemea dalili na vipimo alivyonavyo, akimpima mgonjwa uzito na mzunguko wa tumbo kila anapohudhuria. Wiki kadhaa zikipita na maji hayajapungua, hurudi kujiuliza kama vimelea ni sugu au kama ugonjwa ulikuwa mwingine tangu mwanzo.