Riali mia ni ngapi? Hesabu ya kupiga kabla hujafunga sanduku

Jumatatu moja asubuhi, sijafungua hata madirisha, nilimkuta binti mmoja wa Konde ameshakaa kwenye benchi la nje ya ofisi yetu Chake Chake, yeye na mama yake mdogo. Akanipa simu nisikilize. Ulikuwa ujumbe wa sauti wa kama dakika moja, mwanamke anazungumza Kiswahili safi cha mjini Unguja: kazi ipo Maskati, riali mia kwa mwezi, kula na kulala juu ya tajiri, tiketi juu ya tajiri, "wewe fanya pasi tu, mdogo wangu, mengine niachie mimi." Ujumbe ulipokwisha mama mdogo akaniuliza: "Mwanangu, hizo riali mia ni pesa nyingi?"

Katika kazi hii ya ushauri wa ajira nimeulizwa swali hilo kwa kila sarafu: dirham, riali ya Saudia, pauni, yuro. Nami kila mara huuliza kwanza: nyingi kwa saa ngapi, na kwa kazi gani? Mshahara uliotajwa bila saa, bila makato na bila jina la kazi bado haujawa mshahara. Ni nambari tu.

Siku ile tulichukua bahasha kuukuu, tukaigeuza, tukaandika nyuma yake. Riali ya Oman imefungwa kwenye dola ya Marekani, na tangu 1986 bei ni riali moja kwa dola 2.60, kwa hiyo riali 100 ni dola 260. Tukakadiria dola moja kwa shilingi 2,500 ili hesabu iwe nyepesi (wewe angalia bei ya siku yako), tukapata shilingi 650,000. Mama mdogo akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nikamwomba asubiri, hatujamaliza.

Nikamuuliza binti: utaamka saa ngapi, utalala saa ngapi? Nyumba ina watu wangapi? Siku ya mapumziko ipo? Hakuna alilolijua, na yule wa kwenye simu hakuligusa hata moja. Basi tukaandika mistari mitatu. Wa kwanza, kazi ya saa 8 kwa siku, siku 26 kwa mwezi: saa 208, na kila saa ni shilingi 3,125. Wa pili, kazi ya kuanzia alfajiri mpaka wenye nyumba walale, saa 15, siku hizo hizo 26: saa 390, na kila saa ni kama shilingi 1,667. Mstari wa tatu nikauandika wa hapa hapa nyumbani. Tuseme ni kazi ya hoteli Kiwengwa, shilingi 400,000 kwa saa 208. Kila saa ni shilingi 1,923.

Binti aliutazama ule mstari wa tatu kwa muda mrefu.

Sikumwambia aende Kiwengwa. Anayefanya kazi za ndani Maskati hali wala halali kwa pesa yake, na akijibana anaweza kuutuma nyumbani karibu mshahara wote, wakati mwenzake wa hotelini anatoa nauli, kodi ya chumba na kitoweo cha kila siku. Nilitaka awe na kitu cha kulinganisha nacho. Wala hizo saa 15 sikuzitunga. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilichapisha mahojiano na wanawake wa Kitanzania waliofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu, na malalamiko ya siku ndefu, ya pasi kushikiliwa na ya mshahara kupungua kuliko ulioahidiwa yalijirudia kwa mmoja baada ya mwengine. Wapo pia waliopata nyumba njema na matajiri waungwana. Nimewaona wakirudi, wakajenga, wakasomesha wadogo zao. Tofauti ya hao wawili mara nyingi imo katika maswali yaliyoulizwa kabla ya safari, na maswali hayo hayana gharama.

Jina la kazi

Jambo ambalo vijana wetu hulidharau kuliko yote ni neno moja lililoandikwa kwenye viza na kwenye mkataba: kazi yako ni nini. Katika nchi za Ghuba kibali cha kukaa kinakwenda na tajiri aliyekuleta na kazi aliyokuombea. Ukiandikwa kibarua, wewe ni kibarua, hata kama una cheti cha ufundi ndani ya sanduku.

Namkumbuka kijana mmoja aliyesomea umeme Kituo cha Mafunzo ya Amali Vitongoji, fundi wa kweli, mkono wake msafi. Alipata kazi Dubai kupitia jamaa. Kwenye karatasi aliandikwa kibarua wa ujenzi, akaambiwa "hilo ni neno tu, huko utafanya umeme." Na kweli alifanya umeme. Miaka miwili alivuta nyaya na kufunga bodi za umeme kwa mshahara wa kibarua, kwa sababu mkataba wake ulisema hivyo. Lililomuuma zaidi lilikuja mwisho: barua ya uzoefu aliyorudi nayo ilisema kibarua. Alipoomba kazi ya fundi kwengine hakuwa na karatasi ya kuonesha kwamba miaka ile miwili aliifanya kazi ya umeme.

Kwa hiyo unapopewa ofa, soma jina la kazi kabla ya kusoma pesa. Halafu ukifika kwenye pesa, tafuta maneno "mshahara wa msingi." Matajiri wengi hugawa malipo sehemu mbili, msingi na posho, na jumla ndiyo inayotajwa kwa sauti kubwa. Chukua ofa mbili za Falme za Kiarabu, zote dirham 2,000 kwa mwezi. Moja ina msingi wa 800 na posho 1,200. Nyengine ina msingi wa 1,500 na posho 500. Mwisho wa mwezi hutaona tofauti yoyote. Lakini sheria ya kazi ya huko, Namba 33 ya 2021, inampa mfanyakazi wa kampuni kiinua mgongo cha siku 21 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka katika miaka mitano ya mwanzo. Kwa ofa ya kwanza hiyo ni kama dirham 560 kwa mwaka, kwa ya pili ni 1,050. Malipo ya saa za ziada nayo hupigwa kwenye msingi. Wafanyakazi wa ndani wana sheria yao mbali, kwa hiyo binti yetu wa Konde hesabu hii haimhusu, na hilo nalo ni jambo la kulijua mapema.

Qatar iko wazi zaidi. Tangu Machi 2021 mshahara wa chini ni riali 1,000 za huko kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, pamoja na wa majumbani. Tajiri asipotoa malazi anaongeza 500, asipotoa chakula anaongeza 300. Ukiahidiwa 800 Doha, umeahidiwa kinyume cha sheria.

Wenye taaluma nao wana hesabu yao

Wauguzi wetu wanaotoka vyuoni wengi wana Uingereza akilini. Uzuri ni kwamba ngazi za mishahara ya NHS, huduma ya afya ya serikali ya huko, hutangazwa, yeyote anaweza kuzisoma. Muuguzi aliyesajiliwa huanzia ngazi ya 5, ambayo kwa England mwaka 2025/26 ilianza na pauni 31,049 kwa mwaka. Ukizigeuza kuwa shilingi utapata kizunguzungu, kwa hiyo usizigeuze kwanza. Toa pauni 12,570 za mwanzo ambazo hazitozwi kodi, zinabaki 18,479. Katika hizo asilimia 20 inakwenda kodi ya mapato na asilimia 8 bima ya taifa: jumla pauni 5,174. Mkononi zinakuja kama 2,156 kwa mwezi, na bado mchango wa pensheni haujakatwa. Kisha kodi ya nyumba, ambayo mjini London inaweza kumeza nusu ya hizo, na katika miji midogo ya kaskazini ikawa nafuu zaidi. Muuguzi wa Wete akiniuliza, humwambia atafute mji kwanza, pauni baadaye.

Na kabla ya pauni ya kwanza kuna njia ya kupita: mtihani wa Kiingereza, mtihani wa uuguzi unaofanywa kwenye kompyuta, kisha mtihani wa vitendo unaofanyiwa huko huko, ndipo usajili. Nchi za Ghuba zina njia yao, vyeti kuhakikiwa na kampuni ya DataFlow hadi chuoni ulikosomea, na mtihani wa kampuni ya Prometric. Ujerumani wanataka Kijerumani, kwa kawaida kiwango cha B2 (cha juu ya kati) kwa muuguzi, na mpaka diploma yako itambuliwe utalipwa kama msaidizi. Miezi hiyo ya kusoma lugha na kusubiri karatasi ni gharama. Iandike.

Hapa nina onyo mahsusi. Tangu 22 Julai 2025 Uingereza imefunga njia ya kuajiri walezi wa wazee moja kwa moja kutoka nje. Anayekutafuta leo akakwambia ana nafasi ya kwenda kutunza wazee Uingereza kwa viza ya kazi, ulipe kidogo aikamilishe, anakuuzia mlango uliokwisha kufungwa.

Pa kutafuta ukweli

Nchi nyengine zimeturahisishia. Kanada ina tovuti ya serikali iitwayo Job Bank: unaandika kazi na mji, unaoneshwa mshahara wa chini, wa kati na wa juu. Wakala wa ajira wa Ujerumani una Entgeltatlas, inayofanya kazi hiyo hiyo kwa jimbo. Unaposoma, shika wa kati na wa chini. Mgeni wa mwaka wa kwanza hakai juu.

Kwa Ghuba takwimu za wazi ni chache, kwa hiyo rejea kwa watu. Sisi Wapemba tuna ndugu Maskati, Dubai, Jeddah, na bado tunarudi na habari nusu, kwa sababu ya haya. Mtu aliyekwenda kwa mchango wa ukoo mzima haoni raha kusema analipwa kidogo, na wewe huoni adabu kumuuliza mkubwa wako mfuko wake. Usimuulize mfuko wake. Muulize hivi: "Kaka, mtu kama mimi, mwenye cheti hiki, akianza kazi hapo leo atapewa ngapi?" Swali hilo halimgusi, atalijibu. Endelea: mshahara huingia tarehe ngapi, na huchelewa? Mnalala wangapi chumbani? Pasi yako anaishika nani? Baada ya miaka miwili watu wa kazi hiyo hupanda wapi, au hubaki pale pale? Waulize watatu wasiojuana. Majibu yakikaribiana, una habari. Yakipishana sana, bado una kazi ya kufanya.

Swali la kupanda cheo ndilo ninalolipenda zaidi, na ndilo linaloulizwa na wachache. Mpishi msaidizi anayeweza kuwa mpishi baada ya miaka mitatu yuko mahali pazuri kuliko mlinzi anayelipwa zaidi kidogo leo na atalipwa hicho hicho mwaka wa kumi. Fikiria pia uzee: miaka ya nje haikuwekei mchango wa hapa, kwa hiyo kabla ya kuondoka pita ZSSF, Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, uulizie mpango wao wa kuchangia kwa hiari.

Kuhusu mawakala nitasema machache. Anayepeleka watu nje lazima awe na leseni, na una haki ya kuiona. Katika Falme za Kiarabu sheria hiyo hiyo ya 2021 inamkataza tajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kumwajiri, na ofa ya kazi hupitia wizara yao ya kazi kabla hujasafiri. Kwenda kwa viza ya matembezi ukatafute kazi huko huko ni kujiweka mikononi mwa yeyote atakayekuhurumia.

Ukija ofisini, Unguja au Pemba, njoo na nakala ya ofa au mkataba, vyeti vyako, na jina kamili la tajiri na mji anaokaa. Mkataba ukiwa kwa Kiarabu usiusaini mpaka mtu asiyelipwa na wakala akusomee. Kama nakala umenyimwa, njoo hivyo hivyo na simu yenye ujumbe.

Binti wa Konde alirudi baada ya wiki mbili, peke yake safari hii, ile bahasha imo ndani ya pasi mpya. Alimwandikia yule mwanamke maswali manne na amejibiwa matatu. Riali si mia, ni tisini. Nyumba ina watu tisa. Siku ya mapumziko "mtaelewana na tajiri." La nne, jina kamili la tajiri na mtaa anaokaa, halijajibiwa, na mama mdogo amekataa kutoa nauli ya boti mpaka lijibiwe.