Je, wajua kwa nini kompyuta imemuweza karani ikashindwa na fundi bomba?

Mpwa wangu kamaliza shule juzi juzi na swali alilonitumia lilikuwa moja tu, mjomba nisomee nini ambacho mashine haitakuja kuninyang'anya. Swali zuri, ila limekaa upande kidogo, maana linaichukulia kazi kama jiwe moja, ama lipo ama halipo, na kazi haiko hivyo. Kazi ni furushi. Ukilifungua unakuta shughuli ishirini thelathini ndani, na mashine ikija haibebi furushi zima, inachomoa moja moja.

Tuanze na hili la fundi bomba maana ndo linalowashangaza wengi. Mwaka 1997 kompyuta ya IBM iliyoitwa Deep Blue ilimfunga Garry Kasparov, bingwa wa dunia wa chesi, watu wakasema basi, akili ya binadamu imeisha kazi. Alafu mwaka 2015, yani miaka 18 baadaye, DARPA ambao ni watu wa utafiti wa jeshi la Marekani wakaandaa fainali za roboti kule California, na mitihani yenyewe ilikuwa kufungua mlango, kuzungusha valvu, kupanda ngazi, vitu hivyo tu. Roboti zilianguka kama walevi. Nyingine ilishika kitasa ikaenda chini nzima nzima. Video zipo hadi leo, ukiwa na siku mbaya ziangalie.

Kwa nini? Mtafiti wa roboti anaitwa Hans Moravec aliliona hili mapema, mwaka 1988 alishaandika kwamba ni rahisi kuipa kompyuta uwezo wa mtu mzima kwenye mtihani wa akili kuliko kuipa uwezo wa mtoto wa mwaka mmoja wa kuona na kutembea. Sababu ukiifikiria inaingia akilini: hesabu ni kitu kipya kwa binadamu, tunakifanya kwa kujilazimisha, hatua kwa hatua, na kitu chenye hatua unaweza kukiandika na kumkabidhi mwingine, hata kama huyo mwingine ni mashine. Ila kushika glasi bila kuivunja, kusikia kwa vidole kwamba nati inataka kukatika, hivyo mwili umevibeba tangu enzi na enzi na hakuna anayejua anavifanyaje. Jaribu kuandika kwenye karatasi namna ya kufunga kamba za viatu, mpe mtu ambaye hajawahi kufunga, utaona mwenyewe.

Sasa karani anajaza namba kwenye jedwali, namba zile zile, jedwali lile lile, kila mwisho wa mwezi. Fundi bomba kila nyumba ni mtihani mpya, koki imeshika kutu, giza, nafasi ya kupitisha mkono mmoja, na mwenye nyumba amesimama nyuma yake anamweleza tatizo ambalo siyo tatizo. Hilo la kubadilika badilika ndo ngao yake. Ila tusidanganyane, kuwa salama na mashine siyo kuwa salama na kila kitu, mgongo na magoti ya fundi nayo yana umri wake na roboti zenyewe hazijakaa tu, zinazidi kujifunza.

Turudi kwenye furushi. Mwaka 2013 watafiti wawili wa Oxford, Carl Frey na Michael Osborne, walitoa hesabu iliyotisha dunia kwamba asilimia 47 ya ajira za Marekani ziko kwenye hatari kubwa ya kufanywa na mashine. Watu waliishika hiyo namba kama utabiri wa hali ya hewa. Mwaka 2016 watafiti wengine wakaandikia OECD, ule umoja wa nchi zilizoendelea kiuchumi, safari hii hawakupima kazi kama jina, walipima shughuli ambazo watu wenyewe wanasema wanazifanya ndani ya kazi, na nchi hiyo hiyo ya Marekani ikapata asilimia 9. Kutoka 47 mpaka 9! Kilichobadilika ni walichokuwa wanahesabu, na mi naona hapo ndo somo lote lilipo kwa mtu anayechagua cha kusomea, acha kuangalia jina la kazi, hesabu kilichomo.

Mfano wa ATM ndo ninaoupenda zaidi kwa sababu una mwisho ambao wengi wanausahau. Ya kwanza ya Barclays iliwashwa Enfield, kaskazini mwa London, tarehe 27 Juni 1967, na mtu yeyote angesema wahudumu wa kaunta za benki kwaheri. Kule Marekani ATM zikafika laki kadhaa, na wahudumu? Wakaongezeka, kutoka kama laki 3 miaka ya 1970 hadi karibu laki 5 kufikia 2010. Ilikuwa hivi, tawi lililohitaji watu kama 20 likawa linaendeshwa na 13 hivi, kwa hiyo kufungua tawi ikawa nafuu, benki zikafungua matawi mengi, na yule wa kaunta akaacha kuhesabu noti kutwa akaanza kuongea na wateja kuhusu mikopo na akaunti. Wanaosimulia kisa hiki huishia hapo wakasema mnaona, teknolojia haiui kazi. Ila ikaja simu ya mkononi, mteja hana tena sababu ya kufika tawini, na tangu hapo idadi yao inashuka. Yani mashine ya kwanza ilichomoa shughuli moja ikawaacha salama, ya pili ikachomoa sababu ya mteja kuja. Hizo ni hatari mbili tofauti kabisa, na ya pili huioni ukikaa unaiangalia kazi yenyewe tu, mpaka umwangalie mteja.

Hata wataalamu wanapotea hapa. Geoffrey Hinton, mtafiti wa akili bandia, huyu aliyepata Nobel ya fizikia 2024, mwaka 2016 alisema tuache kufundisha madaktari wa kusoma picha za eksirei na skani, maana ndani ya miaka mitano kompyuta itawapita. Miaka mitano imepita, kumi imefika, madaktari hao wapo na sehemu nyingi hawatoshi. Kusoma picha kompyuta imekuwa hodari kweli, hapo hakukosea sana, ila daktari huyo pia anaongea na daktari wa upasuaji, anaamua kipimo gani kifanyike, anaweka saini yake. Saini siyo kitu kidogo. Mambo yakiharibika watu wanataka mtu wa kumuuliza, na kazi yenye leseni na mtu wa kubeba lawama inachelewa sana kuhamia kwenye mashine hata kama mashine inaweza.

Kuna kitu kingine mpwa wangu hakukipenda nilipomwambia. Kazi ikianza kufa wanaoumia mwanzo mara nyingi siyo walio ndani, ni walio mlangoni. Angalia maopereta wa simu, wale wadada waliokuwa wanachomeka waya ili mtu aunganishwe na mtu. Hati ya ubunifu wa mtambo wa kuunganisha simu bila opereta aliipata Almon Strowger mwaka 1891, na jamaa wala hakuwa mtu wa simu, biashara yake ilikuwa kuzika watu! Lakini maopereta waliendelea kuwepo kwa maelfu miongo mingi baadaye. Mtambo ulipofika mji fulani kilichokauka haraka ni nafasi za mabinti wapya waliokuwa wanategemea kuanzia maisha pale. Kwa hiyo ukitaka kujua kazi ina afya usimuulize mwenye miaka 20 kazini, yeye atakwambia mbona shwari, waulize walioingia mwaka jana walikuwa wangapi na wanapewa kufanya nini. Na sa hivi programu za akili bandia zinaandika barua, zinafupisha ripoti, zinaandika msimbo rahisi wa programu za kompyuta, yani zile zile kazi ambazo mgeni ofisini alikuwa anatupiwa ili ajifunze. Hili linanitia wasiwasi kuliko roboti.

Halafu kuna msongamano. Fani ikitangazwa kuwa ina hela watu wote wanakimbilia huko, ila kusoma kunachukua miaka mitatu minne, mnamaliza siku moja mko wengi, bei inashuka. Sehemu ambazo upungufu umekaa muda mrefu ziko wazi, WHO wanakadiria ifikapo 2030 dunia itapungukiwa wahudumu wa afya zaidi ya milioni 10, ila ni kazi ngumu ndo maana hazijai, na kukiwa hakuna bajeti upungufu wenyewe haugeuki ajira.

Nikamwambia mpwa, chagua fani mbili zinazokuvutia, tafuta mtu wa kila moja, omba ukae naye siku mbili, andika kila saa anafanya nini. Akaanza na mhasibu, maana kila mtu alishamwambia uhasibu umekufa. Jioni ya siku ya pili akanipigia: "Shikamoo mjomba, mbona hesabu zenyewe kompyuta ilimaliza kabla ya chai?" Nikamuuliza muda uliobaki huyo mhasibu alikuwa anafanya nini. Akasema alishinda kwenye simu, mteja mmoja anaficha risiti, mwingine anadaiwa kodi analia, wa tatu anataka kununua lori na yeye anamkataza.