Kabla Mtoto Mchanga Hajafungwa Nepi, Atazamwe Nyuma

Mkunga wa Liwale au Tandahimba, kusini mwa Tanzania, akishampokea mtoto humpima uzito, humkagua kitovu, kisha humviringisha kanga na kumlaza kifuani mwa mama yake. Katika pilikapilika hizo husahaulika jambo moja dogo: kuitanua miguu ya mtoto, kumpangusa, na kuhakikisha kwa macho kwamba tundu la haja kubwa lipo, tena mahali pake. Takriban mtoto 1 kati ya 5,000 huzaliwa na kasoro ya kutokuwa na tundu hilo, au ya kuwa nalo mahali pasipo pake.

Watoto wa kike ndio huchelewa zaidi kugundulika, kwa kuwa mara nyingi utumbo wao hufunguka kwa kitundu karibu na uke, na bibi anayemwogesha akiona nepi imechafuka huridhika kwamba mtoto anapata choo. Kwa wa kiume, mkojo uliochanganyika na kinyesi ni dalili. Choo cha kwanza, cheusi na chenye kunata mithili ya lami, kwa kawaida hutoka ndani ya saa 24 hadi 48; tumbo likijaa na matapishi yakawa ya kijani, safari ya hospitali haingoji kukuche.

Huko mtoto hafikishwi kwenye kisu papo hapo. Hutunzwa joto, hutundikiwa dripu, hupitishiwa mpira puani ili tumbo lipungue, na huchunguzwa moyo, figo na uti wa mgongo, maana kasoro hizi hupenda kuandamana. Ikionekana kwamba utumbo umeishia mbali na ngozi, hufanyiwa kwanza kolostomi, yaani tundu la muda tumboni la kutolea kinyesi. Njia yenyewe hutengenezwa baadaye, mara nyingi kwa mbinu ambayo Alberto Peña na Pieter deVries waliichapisha mwaka 1982, ya kupasua katikati kabisa ya misuli ya kubania haja.

Upasuaji huo wa pili ni wa bingwa wa watoto. Kolostomi, kwa maoni yangu, ifundishwe kwa madaktari wa upasuaji wa jumla wa Mtwara na Lindi pamoja na wataalamu wa usingizi, kuliko kumsafirisha kichanga aliyevimba tumbo mamia ya kilomita hadi Dar es Salaam, kwa barabara ambayo Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, ilikatika kabisa. Hata utafiti tunaouhitaji hauna makuu: daftari lenye saa ya kuzaliwa, saa ya kugundulika na saa ya kufika, ili ijulikane muda unapotelea wapi.

Mama naye hufunzwa wodini. Husafisha kolostomi kwa maji ya vuguvugu na kipande laini cha kanga kuukuu, na kuzungushia ngozi mafuta mazito ya zinki. Ikiwa nyekundu kama ndani ya mdomo ni nzima, ikigeuka nyeusi arudi siku hiyohiyo. Njia mpya ikishapona, hupitisha kijiti cha chuma cha kuitanua mara mbili kwa siku, kwa miezi kadhaa. Wapo wanaoacha kwa huruma mtoto anapolia. Njia husinyaa, na mtoto akarudishwa tena chumba cha upasuaji.