Shekhe wa malezi: maana ya murshidi

Neno "murshid", yaani mwongozaji, limo mara moja tu katika Kurani, katika Surat al-Kahf aya ya 17, panaposemwa kwamba aliyeachwa na Mwenyezi Mungu apotee hutampatia mlinzi wa kumwongoza. Asili yake ni "rushd", yaani uongofu, na uongofu huohuo ndio alioufuata Nabii Musa katika aya ya 66 ya sura hiyohiyo, alipomwomba mja mwema, ambaye Hadithi zinamtaja kwa jina la Khidhr, amruhusu aandamane naye ili amfunze. Aliyeomba alikuwa mtume aliyesemezwa na Mola wake. Kwa hiyo murshidi hatafutwi kwa sababu ya uchache wa elimu peke yake, kwani mtu anaweza kuwa amesoma sana na bado akamhitaji.

Jambo hili lilizua mjadala mkali huko Andalusi, Hispania ya Waislamu, katika karne ya 14: je, mwenye kutaka kuitakasa nafsi yake atosheke na vitabu vya waliotangulia, au hana budi awe na shekhe? Al-Shatibi wa Granada alilipeleka swali hilo kwa wanazuoni wa Fez, na Ibn Khaldun naye akaliandikia kitabu kizima. Jibu lililodumu zaidi ni la Ibn Abbad al-Rundi, khatibu wa Msikiti wa al-Qarawiyyin aliyefariki mwaka 1390, ambaye alitenganisha shekhe wa taalimu, yaani mafundisho, na shekhe wa tarbiya. Tarbiya ni malezi, na hapa Kiswahili kinatusaidia: mfundishaji huridhika somo likieleweka, ilhali mlezi bado ana kazi hata baada ya mtoto kuelewa, kwa sababu kujua kwamba husuda ni haramu hakumwondolei mtu husuda.

Mwanazuoni mashuhuri al-Ghazali aliifananisha kazi hiyo ya malezi na utabibu. Tabibu akiwapa wagonjwa wote dawa moja atawaua wengi wao, na shekhe akiwapa muridi wote, yaani wanafunzi anaowalea, uradi mmoja wa kusoma kila siku na mazoezi yaleyale ataziua nyoyo zao. Ndiyo maana, anasema, muridi anayeshughulika mno na unadhifu wa mwili na mavazi yake hupewa kazi ya kusafisha choo, kufagia mahali pachafu na kukaa jikoni penye moshi. Kitabu hakiwezi kutoa agizo kama hilo, kwa kuwa hakimwoni msomaji wake.

Basi anayestahiki kazi hiyo hujulikanaje? Cha kwanza kinachoulizwa ni silsila, mnyororo wa mashekhe unaopokezana hadi kwa Mtume (s.a.w.), pamoja na ijaza, yaani idhini ya kulea wengine aliyopewa na shekhe wake mwenyewe. Masufi, watu wa njia hii ya kuitakasa nafsi, husema muridi awe mbele ya shekhe wake kama maiti mikononi mwa mwoshaji, na wengi hushtushwa na mfano huo. Lakini wahenga wetu walisema mwosha huoshwa, na silsila haina maana nyingine: asiyewahi kuoshwa hana ruhusa ya kuosha. Hata hivyo ijaza inathibitisha alipotoka mtu, haithibitishi alipo leo, na kwa maoni yangu wengi hukosea kwa kuishia hapo.

Kipimo kikubwa zaidi ni istikama, kusimama imara juu ya sharia katika mambo madogo. Abu Yazid al-Bistami, sufi wa zama za mwanzo, alikwenda kumwona mtu aliyesifika kwa ucha Mungu, akamkuta anaingia msikitini huku akitema mate upande wa kibla. Akageuka akarudi bila hata kumsalimu, akasema kwamba asiyeaminika katika adabu moja ya sharia hawezi kuaminika katika hayo anayoyadai. Yeye ndiye pia aliyeonya kwamba tukimwona mtu anaelea hewani tusihadaike naye mpaka tuone anavyoshika amri na makatazo. Karama, yaani miujiza ya mawalii, kwa hiyo, hazihesabiwi kuwa hoja.

Wapo wanaokitumia kisa cha Khidhr kuwanyamazisha muridi: usiulize, mbona Musa alikatazwa kuuliza? Wanasahau mwisho wa kisa, aya ya 82, ambapo Khidhr anabainisha kwamba hakuyafanya hayo kwa amri yake mwenyewe. Hakuna shekhe mwenye wahyi wa kumhalalishia haramu. Anayedai mali za muridi, au anayetaka faragha na mwanamke asiye maharimu wake kwa jina la dua, amekwisha kujitambulisha, hata silsila yake iwe ndefu namna gani.

Kutafuta kwenyewe kunataka subira. Mtafutaji huswali istikhara, husuhubiana na shekhe kwa muda kabla ya kutoa baia, yaani ahadi ya kumfuata, na huwatazama waliokaa naye miaka mingi, kwa sababu malezi huonekana kwa waliolelewa. Inasimuliwa kwamba Abu al-Hasan al-Shadhili, mwasisi wa tarika ya Shadhiliyya aliyefariki mwaka 1258, alisafiri hadi Iraki akimtafuta kiongozi wa zama zake, akaambiwa kuwa mtu huyo yuko kwao Maghribi. Alirudi, akamfuata Abd al-Salam ibn Mashish mlimani, na kabla ya kupanda akaoga kwenye chemchemi iliyokuwa chini ya mlima, akiacha pale kuitegemea elimu yake na amali zake. Alipokuwa anapanda, shekhe alikuwa tayari anateremka kumpokea.

Si kila mtu atafika kwenye chemchemi hiyo. Kauli maarufu kwamba asiye na shekhe, shekhe wake ni shetani, si Hadithi, bali inanasibishwa na huyo huyo Abu Yazid, na al-Ghazali hakumfungia mlango aliyemkosa shekhe. Anataja njia nne za mtu kuzijua aibu za nafsi yake, na shekhe ni ya kwanza tu. Ya pili ni rafiki mkweli anayeruhusiwa kukosoa, na ya nne ni kuchanganyika na watu, ili kila baya unaloliona kwao ulitafute kwako. Ya tatu ni ndimi za maadui, ambao, anasema, huenda mtu akanufaika nao kuliko rafiki anayemsifu na kumficha aibu zake.