Waseminole hawakutoweka
Kuna ujumbe unaorudi kila mara kwenye magrupu, ukidai Waseminole, kabila la wenyeji wa asili wa Florida, Marekani, waliangamizwa wote vitani. Si kweli. Katika vita vitatu na Marekani, kati ya 1817 na 1858, wengi walihamishwa kwa nguvu hadi eneo ambalo leo ni Oklahoma, lakini mamia kadhaa walijichimbia kwenye vinamasi vya Everglades, wakiishi katika vibanda visivyo na kuta, vilivyoezekwa kwa majani. Hawakusalimu amri. Wajukuu wao wapo.

Simulizi nyingi huishia kwenye uhamisho, ndiyo maana watu huchanganyikiwa. Tazama orodha rasmi ya makabila yanayotambuliwa na serikali ya Marekani: Waseminole wamo, wa Florida na wa Oklahoma. Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze.